Shamba na Jiko: Nyigu Ampimaye Mwenyeji Wake

Muhogo ni zao la mtu mvumilivu. Hustahimili ukame, hukubali udongo uliochoka, na hungoja ardhini mpaka siku ya haja. Kwa sababu hiyo familia nyingi za askari na polisi, ambazo mshahara wao huja mwisho wa mwezi na uhamisho wao huja wakati wowote, hupenda kupanda mashina machache ya muhogo nyuma ya nyumba za kambi. Mizizi yake ni akiba ya siku za njaa. Majani yake, yaani kisamvu, au sombe kama waitavyo majirani wa Kongo, ni kitoweo cha siku ambazo nyama haipo.

Hata hivyo, zao hilo vumilivu liliwahi kukaribia kushindwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Aliyelitetea hakuwa mtu mwenye bomba la dawa, bali nyigu mdogo mno, asiyezidi milimita mbili kwa urefu, ambaye akitua juu ya jani mtu aweza kumdhania kuwa ni punje ya ulezi. Nyigu huyo ana tabia moja inayostahili kujulikana na kila mwenye shamba. Kabla ya kutaga yai lake humpima kwanza mdudu atakayelilea, na kwa kipimo hicho huamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Jambo hilo laweza kuonekana dogo na la kuwahusu wataalamu peke yao. Lakini ndilo lililoleta tofauti baina ya mashamba yaliyopona upesi na yale yaliyoendelea kuteseka.

ADUI ALIYEFIKA PEKE YAKE

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na uliletwa na mabaharia wa Kireno zamani za biashara ya utumwa. Kwa karne nyingi ulistawi huku bila wengi wa wadudu waliouandama kwao. Mnamo mwaka 1973 hali ilibadilika. Katika mashamba ya karibu na Kinshasa, nchini Zaire ya wakati huo, na Brazzaville, ng'ambo ya mto, wakulima walianza kuona vilele vya mihogo vikijikunja na kusongamana kama ngumi iliyofumbwa, majani yakidondoka, na mashina yakibaki yamepindapinda. Ndani ya majani yaliyojikunja walikutwa wadudu wadogo wa rangi ya waridi, waliojipaka unga mweupe kama mtu atokaye kinuni.

Mdudu huyo ni wa jamii ya vidung'ata, na mwaka 1977 alipewa jina la kitaalamu Phenacoccus manihoti. Yeye hufyonza utomvu wa mmea, na mate yake hudumaza kilele kisirefuke. Jambo la kutisha zaidi ni uzazi wake. Kidung'ata wa mihogo hahitaji dume. Wote ni majike, na kila mmoja aweza kutaga mamia ya mayai katika mfuko wa nyuzi nyeupe mfano wa pamba, bila kuolewa. Yatosha mmoja tu kufika shambani ili ukoo mzima uanze. Watoto wake wachanga ni wepesi, upepo huwapeperusha; na wale wasiopeperushwa husafiri kwa gari, kwa meli na kwa baiskeli, wamejificha katika vipande vya mashina ambavyo watu hupeana kwa ajili ya mbegu.

Kwa njia hizo mdudu huyo alienea upesi katika nchi zilimazo mihogo, magharibi, katikati, na kisha mashariki na kusini mwa bara. Katika mashamba yaliyoshambuliwa vibaya hasara ya mizizi ilifika hata asilimia 80. Na mahali ambapo mizizi ilisalimika, majani hayakusalimika. Mama aliyezoea kuchuma sombe alirudi jikoni na kikapu kitupu. Wakati wa kiangazi, ambapo mvua haipo ya kuwaosha na kuwapunguza wadudu, shida ilizidi.

Ilijiuliza Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoko Ibadan, Nigeria: je, kwa nini mdudu huyu aangamize mihogo ya Afrika, ilhali kwao Amerika hasikiki? Jibu lilikuwa jepesi kulitaja, gumu kulitafuta. Kwao ana adui zake. Huku alifika peke yake, akawaacha nyuma. Chini ya uongozi wa mtaalamu wa Uswisi, Hans Herren, kazi ya kuwatafuta adui hao ilianza. Mwaka 1981 Anthony Bellotti, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo nchini Kolombia, alimkuta kidung'ata huyo nchini Paraguay. Pamoja naye walikutwa adui zake wa asili, na miongoni mwao alikuwamo nyigu wetu, ambaye leo huitwa Anagyrus lopezi.

Hawakuletwa moja kwa moja. Kwanza walipelekwa Uingereza, wakawekwa karantini na kuchunguzwa wasije wakawa wamebeba balaa jingine. Ndipo walipopelekwa Ibadan, wakazalishwa, na mwishoni mwa mwaka 1981 kundi la kwanza likaachiliwa mashambani. Miaka iliyofuata waliachiliwa katika nchi moja baada ya nyingine, mahali pengine hata kwa ndege.

MGENI AMLAYE MWENYEJI

Nyigu huyu haumi watu, wala hajengi kiota chini ya paa. Jike lake hutembea juu ya jani akipapasa kwa vipapasio vyake mpaka akutane na kidung'ata. Akimridhia, humchoma kwa sindano yake ya kutagia na kuweka yai ndani ya mwili wake. Yai likianguliwa, funza mdogo hujilisha kwa nyama ya mwenyeji wake, naye mwenyeji huendelea kuishi kwa muda huku akiliwa toka ndani. Mwishowe hufa, mwili wake ukakauka na kuwa ganda gumu la rangi ya kahawia. Humo funza hugeuka kuwa nyigu kamili, akatoboa tundu la mviringo, akatoka. Safari yote, tangu yai mpaka nyigu mwenye mbawa, huchukua kama juma mbili hadi tatu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kidung'ata mmoja humlea nyigu mmoja tu. Na chakula chote atakachokipata mtoto huyo, tangu kuanguliwa mpaka kukomaa, ni kile kilichomo ndani ya mwenyeji huyo mmoja. Hana namna ya kuhama wala kuongezewa. Mwenyeji akiwa mdogo, nyigu atakayetoka atakuwa mdogo. Mwenyeji akiwa mkubwa, atatoka nyigu mwenye kimo. Kwa hiyo mama anapochagua mahali pa kutaga, anachagua papo hapo akiba yote ya maisha ya mwanawe.

WADOGO KWA WANA, WAKUBWA KWA MABINTI

Katika jamii ya nyigu, kama katika nyuki, yai lisilorutubishwa halipotei. Huanguliwa na kuwa dume. Yai lililorutubishwa huwa jike. Mama aliyekwisha kupandwa huhifadhi mbegu za dume katika kifuko kidogo tumboni mwake, na yai linapopita humo, yeye huweza kulipatia mbegu au kulinyima. Ndiyo kusema kwamba jinsia ya mtoto i katika mamlaka ya mama.

Mamlaka hayo hayatumii ovyo. Tangu mwaka 1913 mtaalamu wa Urusi aitwaye Shevyrev alionyesha kwamba nyigu wa jamii nyingine, wakipewa mabuu makubwa, hutoa majike mengi, na wakipewa madogo, hutoa madume. Wataalamu wengi waliomfuata waliona vivyo hivyo kwa nyigu wengine. Anagyrus lopezi naye hufuata sheria hiyo. Vidung'ata wachanga kabisa, waliotoka yaini juzi, kwa kawaida huwaacha. Wale waliojivua ngozi mara moja, ambao bado ni wadogo, huwawekea zaidi mayai ya kiume. Wale wa hatua ya tatu, na wale waliokomaa karibuni, huwawekea zaidi mayai ya kike. Tena baadhi ya wadogo hawatagii kabisa, bali huwatoboa na kunywa maji ya miili yao ili apate nguvu ya kutunga mayai mengine. Na hao nao hufa.

Kwa nini mabinti wapewe nyumba kubwa na wana wapewe vibanda? Sababu yake ni kazi inayomngoja kila mmoja. Dume kazi yake ni moja, kupanda majike. Na dume mdogo, ijapokuwa ni dhaifu, bado huweza kuifanya. Jike ana kazi nzito. Hutafuta vidung'ata waliofichama katika vilele, hushindana nao wanapojitikisa na kumpiga, huishi siku nyingi, na hubeba mayai tumboni. Jike mdogo hubeba mayai machache na hufa mapema. Jike mkubwa hubeba mengi na huenda mbali. Basi udogo humpunguzia jike faida kuliko unavyompunguzia dume. Mama anayewapa mabinti wenyeji wakubwa hupata wajukuu wengi zaidi, na kwa vizazi vingi tabia hiyo ndiyo iliyosalia. Mtaalamu wa Marekani, Eric Charnov, ndiye aliyeiweka hoja hiyo katika hesabu iliyo wazi, mnamo miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980.

Yaonekana pia kwamba baadhi ya nyigu hawapimi kwa kipimo kimoja siku zote, bali hulinganisha. Nyigu aitwaye Lariophagus, ambaye hutaga juu ya funza wa fukusi walio ndani ya punje za ngano, akipewa funza wa kimo cha kati pamoja na wakubwa, humwona wa kati kuwa mdogo, akampa dume. Akipewa wa kimo hicho hicho pamoja na wadogo zaidi, humwona kuwa mkubwa, akampa jike. Ni kama mama sokoni, ambaye fungu la nyanya humpendeza au lisimpendeze kwa kadiri ya mafungu aliyoyaona kabla yake.

Na kuna nyigu wengine ambao ukubwa wa mwenyeji hauwaamulii jinsia tu, bali na idadi. Nyigu wa jamii ya Trichogramma hutaga ndani ya mayai ya nondo. Hutembea juu ya yai, akilipima kwa mwendo wake, kisha huweka mayai yake kwa hesabu: yai dogo la nondo hupata moja au mawili, kubwa hupata mengi. Akizidisha, watoto watakosa chakula. Akipunguza, chakula kitapotea bure. Mpishi wa mesi ya askari anayejua idadi ya watu kabla ya kupima unga hatashangazwa na jambo hilo.

NYIGU WAWILI, NA MMOJA AKAKOSA MAHALI

Nguvu ya sheria hii ilionekana wazi katika jambo lililowashughulisha watafiti kwa muda. Kutoka Amerika ya Kusini hakuletwa nyigu mmoja tu. Aliletwa na ndugu yake wa karibu, Anagyrus diversicornis, naye akazalishwa na kuachiliwa katika nchi mbalimbali. Wote wawili hutaga katika kidung'ata yule yule, na wote ni hodari wa kutafuta. Lakini lopezi alikaa, na diversicornis hakukaa popote barani Afrika.

Uchunguzi ulionyesha kwamba sababu moja kubwa ilikuwa kipimo. Diversicornis huhitaji mwenyeji mkubwa zaidi ndipo ataweka yai la kike. Kidung'ata wa hatua ya tatu, ambaye lopezi humwona kuwa anamfaa binti, diversicornis humwona kuwa hana budi kupewa dume. Katika shamba ambalo vidung'ata wengi ni wa kimo cha kati, mmoja alikuwa akizaa mabinti na mwingine wana. Zaidi ya hayo, ikitokea mayai ya wote wawili yakawekwa ndani ya mwenyeji mmoja, aghalabu funza wa lopezi ndiye aliyeshinda. Vizazi vichache vikatosha kuamua shauri. Kiasi kidogo cha tofauti ya kimo, ambacho jicho la mtu haliwezi kukitambua bila kioo cha kukuza, kiliamua ni nani atakayebaki kuwa mlinzi wa mihogo na ni nani atakayetoweka.

HESABU YA MABINTI

Umuhimu wa mabinti hudhihirika kwa mfano mdogo wa hesabu, ambao ni wa kueleza tu, si kipimo kilichofanywa shambani. Yachukuliwe mashamba mawili, kila moja lina nyigu 100. Katika shamba la kwanza majike ni 70 na madume ni 30. Katika la pili ni kinyume chake, majike 30 na madume 70. Na ichukuliwe kwamba kila jike, maisha yake yote, hufaulu kutaga katika vidung'ata 20, na kwamba uwiano wa majike na madume haubadiliki.

Katika shamba la kwanza, kizazi kijacho kitakuwa nyigu 1,400, ambao 980 ni majike. Na hao watatoa nyigu 19,600. Katika shamba la pili kizazi kijacho kitakuwa nyigu 600, ambao 180 ni majike. Na hao watatoa 3,600. Mashamba yalianza sawa, na baada ya vizazi viwili, yaani kama majuma sita hivi, la kwanza limelizidi la pili zaidi ya mara tano. Na kila nyigu ni kidung'ata mmoja aliyekufa. Kwa kweli tofauti huwa kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa majike waliolelewa katika wenyeji wadogo ni wadogo wenyewe, na hawana mayai ya kutosha.

Ndiyo sababu wale wanaowazalisha nyigu katika majumba ya utafiti huangalia sana umri na kimo cha vidung'ata wanaowapa. Chumba kilichojaa vidung'ata wadogo chaweza kutoa maelfu ya nyigu, na afisa akaandika katika taarifa yake kwamba kazi imefanikiwa. Kumbe wengi wao ni madume, na wakiachiliwa shambani watakufa bila kuacha kitu. Kikosi hakihesabiwi kwa idadi ya majina yaliyo katika daftari, bali kwa idadi ya wanaoweza kazi.

UDONGO MASKINI, WALINZI WACHACHE

Nyigu alifanya kazi njema. Katika sehemu kubwa ya nchi alikoachiliwa, vidung'ata walipungua mno katika miaka michache, na mihogo ikarudi katika hali yake bila ya mkulima kununua tone la dawa. Kufikia miaka ya 1990 alikuwa ameshakaa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Mchumi wa Marekani, Richard Norgaard, alikadiria mwaka 1988 kwamba kila dola moja iliyotumika katika kazi hiyo ilirudisha faida ya dola 149. Hans Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Na kidung'ata huyo alipozuka Thailand mwaka 2008, ilikuwa ni kutoka Benin, Afrika ya Magharibi, kwamba nyigu walipelekwa huko mwaka uliofuata.

Lakini yalibaki mashamba ambayo hayakupona vizuri. Nyigu walikuwapo, maganda makavu yalionekana, ila vidung'ata hawakupungua kama kwingine. Watafiti walipoyachunguza waliona kwamba mengi ya mashamba hayo yalifanana: yalikuwa na udongo wa kichanga uliochoka, usio na rutuba, uliolimwa mwaka hata mwaka bila kurudishiwa kitu, na uliokaa uchi juani bila matandazo.

Njia ya madhara hayo ni mnyororo ambao kila pingili yake yaweza kufuatwa. Udongo maskini hukuza muhogo dhaifu. Muhogo dhaifu hulisha vidung'ata vibaya, nao hubaki wadogo. Nyigu jike akiwapima, huwaona wadogo, akawapa madume. Madume hawatagi. Majike wachache wanaozaliwa ni wadogo na wana mayai haba. Hivyo jeshi la ulinzi hudhoofika mahali pale pale ambapo mmea wenyewe hauna nguvu ya kujitetea. Na yalipofanywa majaribio ya kuweka matandazo na mbolea katika udongo wa namna hiyo, mnyororo uligeuka: vidung'ata walikua wakubwa zaidi, nyigu majike wakaongezeka, na wao wenyewe wakawa wakubwa.

Hapa mama mwenye bustani aweza kuuliza kwa haki: je, mtu atie mbolea ili kumnenepesha mdudu anayemwibia? Swali hilo ni la maana. Ni kweli kwamba kidung'ata aliyeshiba hutaga mayai mengi kuliko mwenye njaa. Lakini mbolea haimlishi yeye peke yake. Humpa nguvu muhogo, nao hutoa majani mapya kufidia yaliyoharibika. Tena humfanya kila kidung'ata mkubwa kuwa nyumba ya binti wa nyigu, ambaye naye atawaua wenzake wengi. Anayemnyima muhogo chakula kwa kumkomoa mdudu, humnyima mlinzi kwanza.

Wala isidhaniwe kwamba ukubwa hauna mwisho wa faida. Kidung'ata mkubwa ana nguvu ya kujitetea. Hujitikisa, hutoa maji ya kunata, na mara nyingine mwili wake hulizingira yai la nyigu kwa utando mweusi mpaka likafa. Pia kuna nyigu wengine, wenyeji wa Afrika, ambao huwatagia nyigu wetu wakiwa bado ndani ya maganda, wakawapunguza. Kwa hiyo nyigu hamalizi vidung'ata wote. Huwashusha tu mpaka kiasi ambacho muhogo waweza kukivumilia. Na hilo ndilo linalotakiwa, maana vidung'ata wakiisha kabisa, na nyigu atakufa njaa, na siku adui atakaporudi hatakuta mlinzi.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kutokana na hayo, familia yenye mihogo michache nyuma ya nyumba ina mambo ambayo yaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, udongo ufunikwe. Majani makavu, mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe yasichomwe moto bali yatandazwe kuzunguka mashina. Huhifadhi unyevu wakati wa kiangazi, ambao ndio wakati wa kidung'ata, na hatimaye huoza kuwa mbolea. Taka za jikoni na samadi ya kuku au mbuzi, zikisha kuoza vizuri, hazina mahali pazuri pa kwenda kuliko shambani.

Pili, mihogo ipandwe mapema, mvua zinapoanza, ili kiangazi kiikute imekwisha kuwa na nguvu.

Tatu, mbegu zichaguliwe. Vipande vikatwe katika mashina safi, yasiyo na nyuzi nyeupe wala vilele vilivyosongamana. Hili lawahusu hasa askari na polisi, kwa sababu ya uhamisho. Ni desturi njema kuondoka na mbegu ya muhogo mtamu ulioupenda. Lakini fungu la mashina lililofungwa juu ya lori laweza kumfikisha kidung'ata wilaya ambayo upepo usingemfikisha kwa miaka. Penye mashaka, ni heri kuomba mbegu kwa wenyeji wa kituo kipya, au kwa bwana shamba wa mahali hapo.

Nne, kabla ya kukimbilia dawa, kilele kilichoshambuliwa kifunuliwe na kutazamwa. Ikiwa katikati ya unga mweupe yaonekana maganda magumu ya kahawia, na mengine yana tundu la mviringo, basi walinzi wamekwisha kufika. Dawa za kunyunyiza huwaua nyigu kwa urahisi, ilhali vidung'ata wengi hukingwa na unga wao na majani yaliyojikunja. Vilele vyenye maganda hayo visichomwe wala visizikwe, kwa maana kila ganda lisilotobolewa lina nyigu ndani yake.

Tano, magonjwa yasichanganywe. Majani yenye mabaka ya manjano na kijani yaliyokunjamana ni dalili ya batobato, ambayo nyigu huyu hana uwezo juu yake. Dawa ya batobato ni mbegu safi na aina za mihogo zinazoistahimili.

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa nyigu na kidung'ata methali hiyo imepinduka, kwa sababu mwenyeji haponi. Anayepona ni muhogo, na nyuma ya muhogo ni watoto wanaongoja chakula cha jioni. Wataalamu walivuka bahari kumtafuta mlinzi huyo, wakamleta, wakamwachilia. Na kazi yao ilikwisha pale. Kama atazaa wana au mabinti, hilo halikuachwa mikononi mwao. Limeachwa kwa mwenye jembe, mwenye samadi na mwenye majani makavu, kila mahali ambapo muhogo umepandwa.